Biti 143 na saa mbili za usiku

Mwezi wa pili mwaka huu nilikaa sebuleni kwangu hapa Kaliua na daftari, nikaanza kuhesabu. Nilifungua folda moja baada ya nyingine kwenye laptopu, na kila biti niliyowahi kuianza nikaichorea mstari wa kalamu. Kuhesabu ni kazi ninayoijua. Mchana mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na hesabu ya marobota ndiyo inayonilipa. Nilipofika mwisho mistari ilikuwa 143. Nikarudi juu, safari hii nikizizungushia duara zile zilizokamilika, zenye mwanzo, katikati na mwisho, ambazo ningeweza kumpa mtu azisikilize bila mimi kusimama pembeni yake nikisema "hapa bado kidogo". Zilikuwa nne.

Kisha nikafungua diski ya nje. Humo mlikuwa na seti za ngoma, sauti za vinanda vya zamani, lupu za gitaa la Kongo, plagini za kuongeza mwangwi, plagini za kupunguza mwangwi, mvua iliyorekodiwa kwenye nchi nisizozijua. GB 212. Nyingi sikuwa nimezifungua hata mara moja tangu siku niliyozipakua kwa bando langu mwenyewe, au kuzinakili kutoka kwenye flashi ya mtu. Miaka sita nimekuwa nikijiita mtu anayetengeneza muziki, na kumbe sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mtunza ghala.

Nayaandika haya kwa sababu nawajua wenzangu. Kuna vijana na watu wazima kuanzia Tabora mjini hadi Urambo, Kaliua na vijiji vya ndani kabisa ambao baada ya kazi za shamba, duka au bodaboda hukaa na simu au laptopu na kutengeneza biti. Hawalipwi. Hawana studio. Wanafanya kwa mapenzi, na wengi wamekwama palepale nilipokwama mimi.

Ninakaa mtaa ulio jirani na stesheni. Kaliua ndipo reli inapogawanyika. Njia moja inaendelea magharibi hadi Kigoma, nyingine inakata kusini kwenda Mpanda. Treni ikipita usiku vioo vya madirisha hutetemeka, nami huvua hedifoni nikangoja ipite. Muda wangu wa muziki ni kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, watoto wakishalala, siku ambazo umeme upo. Ukikatika, betri ya laptopu hunipa kama dakika arobaini. Wakati wa ununuzi wa tumbaku, tunapotoka ghalani tumechoka na mavumbi yake yametuingia hadi kooni, muda huo hupungua zaidi, na wiki nyingine hazina hata usiku mmoja.

Sasa tazama saa hizo mbili zinavyoliwa. Chukua kitu kidogo kabisa, kiki, ule mdundo wa chini unaobeba biti nzima. Kwenye diski yangu mlikuwa na kiki zaidi ya 600. Ukiisikiliza kila moja kwa sekunde tano tu, dakika hamsini zimekwisha. Tena ukishapita ya arobaini au ya hamsini sikio halitofautishi kitu, kama ulimi uliolamba chumvi nyingi. Unachagua moja kwa uchovu. Kesho yake ukiisikiliza huipendi, unaanza kutafuta upya.

Na kiki yenyewe si kitu cha kutafutwa mbali. Ni wimbi moja laini linaloanza juu kidogo, tuseme mitetemo 200 kwa sekunde, likaanguka haraka hadi kwenye 50 hivi huku nguvu yake ikififia. Ukilirefusha kufifia kwake unapata kiki ya kuvuma, ukilikata fupi unapata ya kugonga. Sinthesaiza yoyote ya bure, hata ile ya kwenye simu, inaweza kazi hiyo. Kiki maarufu kuliko zote, ya mashine ya Roland TR-808, ilitokana na saketi iliyotetema na kufifia kwa namna hiyohiyo, haikuwa ngoma iliyorekodiwa. Roland waliitengeneza mashine hiyo kati ya 1980 na 1983, zikatoka kama 12,000, kisha wakaiacha. Wanamuziki wengi waliiona hailii kama ngoma halisi. Waliokuja kuijengea heshima ni vijana wa Marekani walioinunua ikiwa mtumba, kwa bei ya chini, kwa kuwa ndiyo waliyoimudu.

Siku niliyotengeneza kiki yangu ya kwanza kutoka kwenye wimbi tupu ilinichukua kama robo saa. Niliipiga peke yake, tena na tena, mke wangu akaja kuuliza kama kuna mtu anabisha hodi.

Mzigo wa kilo thelathini

Watu wa ukanda huu hatukuanza jana kupima mizigo. Karne ya kumi na tisa njia ya msafara kutoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ikaendelea hadi Ujiji. Waliobeba pembe na bidhaa walikuwa wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Alitembea hivyo kama miezi mitatu kutoka pwani hadi Unyanyembe, akiimba, kirangozi akiwa mbele na bendera. Mpagazi aliijua kilo 30 kwa bega lake. Ukimwongezea alikataa, au alitoroka, na alikuwa na haki.

Henry Morton Stanley alipofika Unguja mapema mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, hakuwa amewahi kusafiri bara. Alinunua na kununua. Msafara wake ulipoondoka Bagamoyo, ukiwa umegawanywa makundi matano yenye watu 192 kwa jumla, ulikuwa na mzigo wa karibu tani 6, na ndani yake mashua mbili. Kilichomsumbua kuliko vyote ni shanga. Aliambiwa, naye akaandika katika kitabu chake, kwamba shanga nyeusi ni fedha Ugogo lakini kwingine hazina thamani, kwamba nyeupe ni nzuri Ufipa lakini Useguha na Ukonongo watazidharau, na kwamba zile kubwa kama yai zinatakiwa Ujiji huku zikikataliwa sehemu nyingine. Kwa hiyo akabeba za kila aina.

Alipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, aliweka ghala katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, njia iliyopita huku kwetu. Stanley alijaribu kupigana bega kwa bega na Waarabu wa Tabora, wakashindwa. Mwishowe alizunguka kusini na kundi dogo zaidi na mizigo michache, sehemu ya mali akaiacha tembeni. Novemba mwaka huohuo alikuwa Ujiji.

Nimelitembelea tembe hilo mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nawaza folda zangu. Shanga za Stanley hazikuwa mbovu. Kila aina ilikuwa na nchi yake. Tatizo lilikuwa kwamba msafiri hakuijua njia, na asiyeijua njia hununua kila kitu. Hapo ndipo nilipojitambua. Nilikuwa na plagini inayoiga mwangwi wa makanisa ya mawe ya Ulaya, na muziki wangu utasikilizwa kwenye spika ya bodaboda na simu ya mkononi. Nilikuwa na nyuzi za okestra nzima, na sijui kuandika hata kwa fidla moja. Nilizipakua kwa sababu sikuwa nimeamua naelekea wapi.

Wenye chombo kimoja

Tabora ilikuwa mji wa muziki kabla ya kompyuta. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, majina haya wazee wetu wanayataja kama majina ya ndugu. Katika zama hizo za bendi za jazi, vyombo vingi havikuwa mali ya mpigaji. Gitaa, saksafoni na vipaza sauti vilikuwa vya klabu, vya mwenye bendi au vya shirika. NUTA Jazz iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ukihama bendi uliviacha. Na kwa miaka mingi, bendi ya mkoani iliyotaka wimbo wake usikike nchi nzima ilisafiri hadi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga pamoja, mkanda ukizunguka. Wimbo ulikuwa umeshachezewa na watu ukumbini miezi mingi kabla ya siku hiyo. Ulifika studio ukiwa umekomaa.

Siwezi kuuita uhaba ule neema. Palikuwa na watu wenye vipaji waliokaa nje ya muziki maisha yao yote kwa kukosa gitaa la kushika, na nyimbo zilizopigwa ukumbini zikapotea kwa kuwa nafasi ya kurekodi haikufika. Ninachokiona ni kwamba mpigaji wa wakati ule hakuwa na namna ya kutumia usiku wake kuchagua gitaa. Kama alikuwa na usiku, alikuwa nao kwa ajili ya wimbo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Dar es Salaam, tena wa kinanda kidogo cha umeme. Wapiga mchiriku wa uswahilini walichukua Casio ndogo, ya aina ambayo kwingine ilikuwa zawadi ya mtoto, wakaiunganisha na amplifaya na spika za tarumbeta, wakaizungushia ngoma. Mlio uliotoka ulikuwa mkali, wenye mikwaruzo, na wakaupenda hivyo. Hawakuusafisha. Wakakishikilia kinanda hicho kidogo miaka nenda miaka rudi, hata vilipokuja vikubwa vyenye sauti mia. Kundi la Jagwa Music liliufikisha mlio huo Ulaya, na mwaka 2012 albamu yao, Bongo Hotheads, ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Mzungu aliyesikia hakusema hiki ni kinanda cha mtoto. Alisikia muziki ambao hakuwahi kuusikia kokote.

Casio hizi zina bahati ya namna yake. Jamaika mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy walitoa Sleng Teng, wimbo uliojengwa juu ya mdundo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya Casio MT-40, kinanda kidogo cha mwaka 1981. Mdundo huo ulitungwa na mfanyakazi wa Casio, dada Mjapani aitwaye Hiroko Okuda. Kitufe kimoja, na muziki wa rege ukageuka kuwa wa kompyuta.

Bongo Fleva nayo ilikua na programu. FruityLoops, ambayo sasa ni FL Studio na sisi bado tunaiita Fruity, ilitoka mwaka 1997 kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na toleo la kwanza lilikuwa mashine ya ngoma ya treki nne tu. Kisha ikaja singeli. Studio ya Sisso kule Mburahati ilijulikana duniani mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Biti za singeli zinakimbia mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300. Zinatengenezwa kwa laptopu za kawaida, Fruity na Virtual DJ, programu ambayo mwenye kuibuni alidhani ni ya kuunganisha nyimbo kwenye sherehe. Wao wakaifanya chombo cha kupigwa. Wakiwa jukwaani wanagonga vitufe vya laptopu kama mtu anayetwanga. Mwaka 2019 Jay Mitta alitoa Tatizo Pesa na Duke akatoa Uingizaji Hewa. Mwaka 2022 DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Sikiliza albamu hizo kwa mfuatano uone jinsi kila mmoja anavyotambulika, ingawa vyombo vyao karibu ni vilevile.

Usimwambie maskini kwamba vyombo si kitu

Hapa lazima nisimame, kwa sababu mfano wa singeli hutumiwa vibaya. Kuna watu, wengi wao wakiwa na vyumba vilivyojaa vifaa, wanaopenda kusema kwamba vyombo havina maana, kinachotakiwa ni kipaji. Maneno hayo yananichoma. Kijana wa Kaliua ambaye hajawahi kugusa sinthesaiza ya kweli, asiyejua mlio wa besi kwa sababu amesikiliza maisha yake yote kwenye spika ya simu, ana haki ya kutafuta, kupakua, kujaribu na kushangaa. Udadisi wake ndio shule yake. Chuo cha kumfundisha utayarishaji wa muziki hakipo jirani naye. Anajifunza kwa kufungua na kubonyeza, na anayemdhihaki kwa hilo hamtakii mema.

Udadisi ndio unaozaa milio mipya pia. Mashine ya Roland TB-303, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikusudiwa kumpa mpiga gitaa besi ya kufanyia mazoezi. Haikuuzika. Chicago, vijana wa kundi la Phuture wakaipata, na badala ya kuipangia besi ya heshima wakawa wanazungusha vitufe vyake huku inalia. Wimbo wao Acid Tracks ulitoka mwaka 1987 na ukaanzisha aina nzima ya muziki wa dansi. Huo ulikuwa uchunguzi, na wa kina. Lakini uone walichokichunguza. Walikuwa na kisanduku kimoja, wakakiingia hadi mahali ambapo aliyekiunda hakufika.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na udadisi. Ni kwamba udadisi wa kwenda pembeni, wa chombo hadi chombo, unafanana sana na kazi. Umekaa mezani, hedifoni masikioni, uso umekunjwa, saa tano inafika, unajisikia umeshinda kwenye muziki. Wakati mwingine hata ni ule woga wa kawaida: biti imefika mahali pagumu, sehemu ya pili haijulikani iende wapi, na kupakua kitu kipya ni rahisi kuliko kukaa na ugumu huo. Nilipochunguza biti zangu 139 ambazo hazikukamilika, karibu zote zilikuwa zimekatika mahali pamoja, kwenye sekunde ya arobaini au hamsini hivi. Ni pale ambapo lupu imeshapendeza na inabidi wimbo uanze.

Mwethiopia Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Walias Band, alibaki Marekani baada ya ziara ya bendi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 alitoa kaseti aliyoitengeneza peke yake kwa akodiani, vinanda vichache vya umeme na mashine ya ngoma. Kisha kwa miaka mingi akaendesha teksi Washington. Kwenye buti ya gari alikuwa na kinanda cha betri, na alipokuwa akingoja abiria uwanja wa ndege alikitoa akapiga. Kaseti ile ilitolewa upya mwaka 2013, akaitwa kwenye majukwaa ya dunia, na alikuwa tayari. Kila nikiona muda wangu ni mfupi namkumbuka mzee huyo kwenye foleni ya teksi. Abiria aliyefuata angeweza kufika baada ya dakika tano. Asingeweza kuzitumia dakika hizo kuchagua kinanda.

Bani halifunguliwi ovyo

Wakulima wetu wananielewa nikilieleza hili kwa lugha ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku ya mvuke ikishapangwa kwenye fito na bani kufungwa, moto huwashwa, na kwa siku kadhaa, aghalabu karibu wiki nzima, joto hupandishwa kwa hatua. Kwanza jani lazima ligeuke njano. Kisha likauke jani lenyewe. Mwisho ukauke mshipa wa katikati. Mkulima mgeni ana wasiwasi, anafungua mlango kila mara kutazama. Joto linatoka, rangi inavurugika, na siku ya kuteua madaraja ndipo hasara inapoonekana, mimi nikiwa na kalamu na yeye akiwa ameinamisha kichwa. Mzoefu ana kidirisha na kipimajoto. Haendi kulala, yupo pale usiku kucha anachochea, lakini mlango hauguswi.

Nikaamua biti nayo ina bani. Machi nilichukua diski ya nje nikampa shemeji yangu wa Urambo anitunzie, nikamwomba asinirudishie kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi unaofuata, hata nikimpigia simu. Nilimpigia siku ya nne. Alikataa, na namshukuru. Tangu hapo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya kutalii. Siku hiyo napakua ninachotaka, nafungua plagini ngeni, nazungusha vitufe kuanzia mchana hadi usiku, na siruhusiwi kutengeneza biti. Ni siku ya furaha kweli, na najifunza zaidi kuliko zamani kwa sababu sina biti ninayoikimbia. Kilichonigusa siku hiyo nakichukua, kimoja, nakiingiza kwenye laptopu. Vingine vinarudi Urambo.

Siku nyingine zote nina sinthesaiza moja, ile inayokuja na Fruity, seti moja ya ngoma niliyoitengeneza mwenyewe, na simu ya kurekodia. Treki ni nane. Nikizijaza na nikataka ya tisa, lazima moja itoke. Na sauti yoyote nikishairidhia naigandisha kuwa faili la sauti na kuizima plagini yake, ili kesho nisiweze kuirudia na kuichokonoa. Hilo la kugandisha ndilo lililoniuma kuliko yote. Ni kukubali kwamba uamuzi umepita.

Simu ndiyo imenifungulia mambo ambayo GB 212 hazikunifungulia. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru ambaye Wakikuyu wote wanamjua, amejenga muziki wake kwa kurekodi sauti za mahali alipo na kuziyeyusha kuwa kitu kingine. Nilipomsikia niliona aibu kidogo. Nilikuwa napakua mvua za watu, na paa langu ni la bati. Basi nikaanza kurekodi ghalani. Ndoano ya mizani inapolipokea robota hutoa mlio wa chuma, kwanza mkali, kisha mnyororo unafuatia kwa kutetemeka. Niliushusha mlio huo nusu ya kasi yake na ukawa kama kengele nzito iliyo mbali. Nimeuweka kwenye biti mbili, na hauko kwenye flashi ya mtu yeyote.

Kufikia Juni nilikuwa nimekamilisha biti tatu, karibu sawa na miaka sita yote iliyotangulia. Mbili ni za kawaida. Ya tatu naipenda.

Mwezi huohuo kazi ya chama ilinipeleka Ulyankulu. Makazi yale yalianzishwa kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na barabara zake hadi leo zinaitwa kwa namba. Kwaya ya Barabara ya 13 iliifanya Ulyankulu ijulikane nchi nzima. Kwenye barabara nyingine, si hiyo, kuna mzee anayepigia kwaya ya kanisa lake kinanda cha Yamaha ambacho amekuwa nacho tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Amekifunika kanga. Vitufe viwili havirudi juu vyenyewe, naye anavirudisha kwa kidole cha pembeni bila kutazama, katikati ya wimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wameniambia na wewe ni mpiga kinanda."

Nilimwambia mimi napiga cha kwenye kompyuta, kina sauti nyingi. Nikamuuliza kama hajawahi kutaka kipya.

"Kipya watoto wangu walitaka kuninunulia," alisema. "Nikawaambia wangoje kidogo. Hiki bado sijakimaliza."

Nikatoa simu nikamwekea ile biti ya tatu. Aliisogeza karibu na sikio, akafumba macho, na ilipofika kwenye dakika ya kwanza akanyoosha mkono nisiongee. Ilipokwisha akasema niirudie. Mara ya pili aliuliza ile kengele ni ya kanisa gani. Nikamwambia ni mizani ya ghala la tumbaku. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaifunua Yamaha yake, akatafuta funguo ya biti yangu kwa mkono wa kushoto, akaipata mara moja, na kwa mkono wa kulia akaanza kuweka juu yake kitu ambacho mimi kwa miezi yote ile sikukisikia kikikosekana.

"Hapa panataka watu," alisema akiendelea kupiga. "Nani anaimba?"

Sikuwa nimefikiria mwimbaji hata mmoja. Akaacha kinanda, akaita nje jina la binti aliyekuwa akiteka maji, akamwambia awafuate wenzake wa sauti ya tatu, waje kabla giza halijaingia.